Birika Lililolia Ndani ya Albamu

Uvumi uliingia chumbani kwa fundi wa nguo asubuhi ya Jumatano, umebebwa na mke wa kinyozi, aliyekuja kupimwa gauni na ambaye hakuweza kunyamaza hata pini zikiwa zimemzunguka kiunoni. Alisema kinyozi amesikia kwa wateja, na wateja nao wamesikia huko mjini, kwamba Kofia hasikii tena. Masikio yamekufa. Anapiga gitaa kwa kukumbuka tu, kama mtu anayetembea nyumbani kwake taa zikiwa zimezimwa.

"Mimi sisemi ni kweli," alisema mke wa kinyozi, mikono ameiinua ili apimwe vizuri. "Nakuletea tu ujue wanasemaje."

Fundi hakujibu, maana alikuwa na pini tatu mdomoni. Kofia alikuwa mwanawe, mtoto wake wa pekee wa kiume, na hilo la Kofia ni jina alilopewa na wapenzi wa muziki kwa sababu ya kofia pana ambayo hakuivua hata alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho, mpaka karani akagoma. Fundi alizitoa zile pini moja moja, akamwambia mwenzake kwamba watu wakikosa la kufanya huanza kuwazika walio hai. Na kama mtu ni kiziwi, atatoaje albamu mbili peke yake, tena zinapigwa redioni? Mke wa kinyozi akacheka, akakubali, akavaa viatu vyake akaenda zake.

Lakini fundi aliporudi kwenye cherehani alishona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku za kujifunza kazi. Akaufumua. Akaushona tena. Uvumi ukabaki pale pale, kama uzi wa nyama uliokwama kwenye meno, ulimi hauachi kuurudia.

Ungekuwa uongo mtupu, angeusahau kabla ya chakula cha mchana. Tatizo ni kwamba ulikuta nafasi yake imekwisha kuandaliwa.

Mtoto alipokuwa na miaka saba, sikio lake la kushoto lilitoa usaha. Ulikuwa msimu wa sare za shule, nyumba nzima imejaa vitambaa vya buluu, na fundi hakuwa na siku ya kupoteza kwenye benchi la zahanati. Alimtia mafuta ya uvuguvugu, akaziba na pamba, akasema litapona. Likakauka kweli, lakini lilikauka na usikivu wake. Mwalimu wa darasa aliandika karatasi akiomba mtoto akapimwe masikio. Fundi aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaifanya kipande cha kuchorea kola. Halafu akamkalisha mwanawe kwenye stuli na kumfundisha jambo moja. Kila anapoingia chumbani, akae upande wa kushoto kabisa, ili lile sikio zima liwaelekee watu. Na asimwambie mtu yeyote. "Wakijua watakuita kiziwi mpaka uzeeke," alimwambia. "Hii ni siri yako na yangu."

Mtoto alikuwa msikivu kwa maana zote mbili: alitii, na lile sikio moja lilinasa wimbo kama gundi. Siri akaitunza. Akaitunza vizuri kuliko mama alivyotaka.

Sasa akiwa na cherehani mbele yake, fundi alihesabu miezi. Minane imepita bila mwanawe kuja nyumbani. Na simu? Siku hizi hapigi, anaandika. Akipigiwa hapokei, halafu baada ya dakika tano unaingia ujumbe: Mama nilikuwa kazini, niandikie. Fundi alikuwa akijisifia hilo kwa wateja, kwamba mwanangu siku hizi anaandika kama karani wa mahakama. Alikuwa akijisifia.

Alizima cherehani, akafungua bati la biskuti alimoweka sidii zote tano.

Tatu zilikuwa za bendi. Bendi iliitwa Magurudumu, vijana wanne waliopiga kantri iliyotiwa roki: nyuzi za chuma, ngoma nzito, na maneno ya barabara ndefu na nyumba ambazo mtu ameziacha nyuma. Nyundo, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa useremala, alipiga ngoma. Mrefu alipiga besi. Wa tatu walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli. Yeye alililaza gitaa mapajani na kuliburuza kwa kipande cha chuma mpaka likalia kama mtu anayeagana. Kofia aliimba na kushika gitaa la mbele.

Mbili zilizobaki zilikuwa za Kofia peke yake. Kwenye majalada ya bendi kulikuwa na nyuso nne zimebanana. Kwenye haya mawili ulikuwa uso mmoja, nao ulijaza jalada lote, na fundi aliyaegemeza kwenye kioo cha kupimia nguo ili mteja akijitazama amwone na mwanawe.

Mabishano juu ya sidii hizo yalikuwa kitu cha kila wiki pale chumbani. Wateja wengi walipenda za bendi. Walisema zina joto, unasikia watu wanafurahi, hata ukiwa unafua nguo unajikuta unacheza. Za peke yake, walisema, ni nzuri lakini zinakuacha na baridi kwenye mbavu. Fundi alikuwa akiwakatisha. Aliwaambia kwamba kwenye za bendi mwanawe amefukiwa, ngoma zinampanda kichwani, lile gitaa la mapajani linamwingilia maneno. Kwenye za peke yake ndipo mtu anamsikia mwenyewe. Nani anunue kitambaa kizuri halafu akishonee mifuko kumi na miwili juu?

Siku hiyo hakuwa na wa kubishana naye. Alichukua daftari la vipimo, akapiga mstari katikati ya ukurasa, upande huu akaandika Bendi, upande ule akaandika Peke Yake, kama mtu anayepima mabega mawili kuona lipi limeshuka. Kwa bahati kulikuwa na wimbo mmoja uliorekodiwa mara mbili, "Stesheni Tupu". Ulifunga albamu ya tatu ya bendi, na ulifunga pia ile ya pili ya peke yake.

Akaanza na wa bendi. Kabla ya wimbo kuna fimbo za ngoma zinazogongwa mara nne. Kabla ya fimbo, sauti ya Nyundo kwa mbali, "Uko sawa?" na mwanawe akijibu kwa mguno. Miaka yote fundi aliyaona haya kuwa uchafu uliosahauliwa kufagiwa. Wimbo ukaenda. Kila Kofia alipokaribia kuingia na ubeti, ngoma ilipiga teke moja zito, na hapo hapo sauti yake ikaja. Si mara moja, ni kila ubeti. Mwishoni walicheka wote wanne, na mmoja akasema kitu kuhusu viatu ambacho hakisikiki vizuri.

Akaandika: anaulizwa. Anasubiri teke la ngoma. Wanacheka.

Akaweka wa peke yake. Hakuna anayegonga, hakuna anayeuliza. Gitaa linaanza tu, na nyuzi nyembamba zilikuwa zimeongezwa ukali kiasi kwamba fundi ilibidi apunguze spika, kisha apunguze tena. Sauti ya mwanawe ilikuwa ile ile, nzito na ya vumbi kidogo, lakini ilikaa chini ya gitaa, unywele mmoja chini, kama pindo lililoshonwa na mtu aliyepima kwa macho. Alikuwa ameusikia wimbo huu mara mia. Mara zote mia alisikiliza kama mama wa msanii. Sasa alisikiliza kama fundi, na fundi hawezi kujifanya hajaona mshono uliokwenda mrama.

Kisha ikaja ile sehemu ya mwisho, ambayo watu waliipenda kuliko zote. Wimbo unapoisha, mluzi unaanza kwa nyuma, mwembamba, unapanda, unapanda, haukatiki, kwa karibu dakika nzima, wakati gitaa linaendelea polepole kana kwamba hakuna kitu. Mtangazaji mmoja wa redio aliusifu mluzi huo kwa kipindi kizima. Alisema Kofia ameuweka kwa makusudi, ni treni inayoondoka bila abiria, ni upweke wenyewe unapiga filimbi.

Fundi aliurudia mara tatu. Mara ya tatu akaketi sakafuni.

Lilikuwa birika. Lilikuwa birika lake yeye, lile la bati lenye kifuniko cha mluzi alilompa mwanawe alipohama nyumbani, kwa sababu mtoto akishika gitaa husahau jiko. Mluzi wake ulikuwa unaamsha majirani wa nyumba mbili. Hakuna mtu mwenye masikio angeweza kukaa nalo chumba kimoja na kuendelea kupiga gitaa dakika nzima. Na huyu si tu kwamba aliendelea. Alirekodi, akaipeleka kazi, ikatolewa, ikasifiwa, na mpaka leo hajui kwamba birika limo.

Akaandika upande wa Peke Yake: hakulisikia. Kalamu ikaishia hapo.

*

Karakana ya Nyundo ilikuwa nyuma ya soko la mbao, mlango wa mabati ulioegemezwa na tofali. Fundi hakuwahi kufika. Tangu Kofia aondoke kwenye bendi, miaka mitatu sasa, hakuna mtu wa Magurudumu aliyepita mlangoni kwake, na yeye alikuwa amejiambia ni wivu.

Nyundo alikuwa anapiga randa ubao wa kabati. Alimwamkia kwa adabu zote, akampangusia stuli kwa kofia yake ya kazi, akarudi kwenye ubao. Hakuuliza kilichomleta. Fundi alizungumza habari za mbao, za mvua, za mgongo wake, mpaka maneno ya kuzungukia yakamwishia, ndipo akauliza kama kuna chochote anachokijua kuhusu masikio ya mwanawe.

Randa ikasimama.

"Lipi, mama?" aliuliza Nyundo. "La kushoto lililokufa zamani, au la kulia?"

Akamweleza, si kwa hasira, bali kama mtu anayeeleza jinsi kabati lilivyoungwa. Waligundua mwezi wa kwanza wa bendi. Hakuna aliyewaambia, waliona tu kwamba Kofia kila siku anagombania pembe ya kushoto. Basi wakazipanga ngoma upande wake wa kulia. Mrefu akachukua kazi ya kumwekea sawa nyuzi za gitaa kabla ya kila wimbo, akijifanya anatania kwamba Kofia ana vidole vya mkulima. Mwalimu alipiga mistari mirefu chini ya sauti yake ili apate pa kushika, asipotee. Na yeye Nyundo alipiga lile teke la ngoma kumwambia sasa, ingia. Mwaka wa mwisho sikio zima nalo likaanza kuchoka. Kofia akawa anavua viatu jukwaani ili asikie besi kwa nyayo. Watu wakadhani ni mbwembwe, wengine wakaanza kumwiga.

"Tukawa tunamfichia viatu," alisema Nyundo, akatabasamu kidogo. "Tunamwambia msanii wa pekupeku hana haja ya soksi."

Fundi akakumbuka ule utani wa viatu mwishoni mwa wimbo. Aliuliza kwa nini hawakumwambia yeye, mama mzazi. Nyundo akasema Kofia aliwaapisha. Alisema ni siri ya mama yake, na mama akijua imetoka ataumia.

Hapo fundi alitaka kuondoka. Lakini alikuwa hajasema lililomleta, akajikaza akaomba waende wote mjini kwa Kofia, kesho, au keshokutwa. Nyundo akatikisa kichwa. Alipuliza vumbi la mbao, akasema yeye si mtu wa kinyongo, ila hawezi kumfuata mtu ambaye baada ya miaka sita ya kupangana naye bega kwa bega aliwaandikia barua ya mistari miwili. Mistari miwili. Hata kuja kuwaaga hakuja.

Barua hiyo fundi aliijua. Aliijua mpaka nukta zake. Ilikuwa Jumapili alasiri, Kofia amekuja na albamu ya tatu ikiwa bado kwenye nailoni, na yeye fundi akaitazama ile picha ya nyuso nne akasema maneno ambayo alikuwa ameyaweka siku nyingi. Alisema wewe ndiye bwana harusi, hawa ni wapambe, na wapambe wamevaa suti yako. Mwanawe alimjibu kwa sauti ndogo, "Mama, hujui wanachonifanyia wale." Naye akasema anajua sana, wanakula jasho lako. Kofia hakuendelea. Angeendeleaje? Kueleza kungekuwa ni kuitoa ile siri, mbele ya yule yule aliyemkabidhi. Wiki nzima fundi hakumwachia nafasi ya kupumua, na mwishowe akachana ukurasa wa daftari la vipimo, akaandika.

"Ile barua niliiandika mimi," alisema. "Yeye alitia sahihi tu."

Nyundo aliweka randa chini. Nje mtu alikuwa anashusha mbao, moja, moja, moja.

"Ndiyo maana ilikuwa na mistari ya sentimita pembeni," alisema. Kisha akachukua randa. "Kamwambie yeye kwanza, mama. Mimi baadaye."

*

Kofia alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofa ya pili, kwenye nyumba yenye ujia mrefu na milango sita. Fundi alifika saa nne asubuhi. Alisikia gitaa kabla hajafika mlangoni. Akabisha kwa vidole, akabisha kwa kiganja, akabisha kwa ufunguo wa nyumbani kwake. Gitaa likaendelea.

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mwanamke amebeba beseni la nguo za kufua. Hakushangaa. Aliuliza tu kama yeye ni mgeni wa Kofia, na aliposikia ni mama yake, alimsalimia kwa heshima, akaweka beseni chini.

"Kwa mlango hatakusikia, mama," alisema. "Sisi tunampigia taa."

Akaonyesha kisanduku cha umeme ukutani, swichi sita kwa milango sita. Iliyo ya nne ilikuwa imechakaa kuliko zote, rangi imeng'oka kwa vidole vya watu. Unaizima, unaiwasha, mara mbili. Anajua kuna mtu. Mwanamke alisema hivyo kama unavyomwambia mtu mahali pa kuchota maji, kisha akachukua beseni lake akashuka.

Fundi alisimama mbele ya swichi ile. Ujia mzima unajua. Anayefua nguo anajua, anayeleta maji anajua, watoto wa mlango wa tano pengine wanajua na wanachezea. Yeye aliyekuwa akidhani ameweka siri ya familia, ndiye aliyekuwa hajui hata namna ya kubisha hodi kwa mwanawe.

Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Gitaa likanyamaza.

Kofia alifungua akiwa hana kofia. Nywele zake zilikuwa zimeanza kupungua katikati, na fundi, aliyezoea uso wa kwenye jalada, alihitaji kama pumzi moja ili amjue.

"UMEKUJA MAMA," alisema mwanawe, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara, kisha akajishtukia, akaishusha mpaka ikawa chini mno.

Chumba kilikuwa safi, na hiyo ndiyo iliyomtia uchungu zaidi, maana kilikuwa safi kama chumba kisichopokea watu. Kiti kimoja. Kikombe kimoja kilichofunikwa. Maikrofoni kwenye mguu wake, na hatua nne kutoka hapo, jiko na lile birika. Gitaa lilikuwa kitandani. Kofia alikuwa pekupeku, na kwenye sakafu alikuwa ameweka spika kubwa kwa kuilaza, ndipo anapokanyaga.

Fundi alikaa kwenye kiti, mwanawe kitandani. Kisha fundi akahamia upande wa kulia wa mwanawe. Kofia aliliona hilo na uso wake ukabadilika.

Basi fundi akaanza kusema. Aliyapanga maneno tangu alfajiri na yalikuwa maneno ya chini, maneno ya kusema ukiwa umeinamisha kichwa: kwamba alikosa, tangu kwenye mafuta ya uvuguvugu, tangu kwenye karatasi ya mwalimu, tangu kwenye ile barua. Alipovuta pumzi akainua macho, mwanawe alikuwa anamtazama mdomo kwa bidii, kipaji cha uso kimekunjamana, na alikuwa hajapata hata neno moja.

"Mama, inua kichwa. Sikuoni ukisema."

Aibu husemwa kwa kunong'ona, ndivyo alivyokuwa akijua. Hii ilibidi ipigiwe kelele. Fundi aliinua uso, akafungua mdomo kwa upana, akarudia yote tangu mwanzo kwa sauti ya sokoni. Nilikosa sikukupeleka zahanati. Nilikufundisha kuficha. Niliwaita wenzako wapambe. Barua niliandika mimi. Milango sita yote ilisikia. Kule chini aliyekuwa anafua aliacha kufua kwa muda, kisha maji yakaanza tena kumwagika.

Kofia akasema ya barua asijibebeshe peke yake, sahihi ni yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa siku ile, si saba.

"Sasa nawe nijibu kitu kimoja," alisema. "Hakuna anayeniambia. Wote wanasifu tu. Hii albamu ya pili ikoje?"

Kumdanganya kulikuwa kwepesi, na alijua mwanawe angemshukuru kwa wiki moja au mbili. Akamwambia. Nyuzi nyembamba zinakata masikio. Sauti imekaa chini ya gitaa. Na mwishoni, kwenye "Stesheni Tupu", kuna birika.

"Kuna nini?"

"Birika," alisema, akalionyesha kidole. "Linalia. Dakika nzima."

Kofia akaligeukia birika kama mtu aliyeambiwa kuwa paka wake huongea. Ule mluzi aliousoma magazetini, treni isiyo na abiria, alikuwa amedhani ni kitu walichoongeza watu wa studio, akaona haya kuuliza. Alicheka. Alicheka kwa nguvu, kile kicheko cha mwisho wa wimbo wa bendi, na fundi akacheka pamoja naye, wote wawili mpaka machozi, kisha kicheko cha mwanawe kikakatika ghafla, machozi yakabaki. Akavuta miguu yake kitandani. Alisema jambo moja tu, kwa sauti isiyokuwa kubwa wala ndogo, iliyotua mahali pake sawasawa.

"Nimechoka kubahatisha, mama."

*

Daktari wa masikio alisema la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kusaidiwa kwa kifaa, na kama angekuja miaka mitatu nyuma wangesema mengine. Kofia alipata kifaa. Cherehani ya mama yake, alimwandikia baada ya kuja kumtembelea, sasa inasikika kama kuku. Albamu ya tatu ya peke yake haikutoka, na haijulikani kama itatoka. Redio bado inapiga ule wimbo, na mtangazaji bado anaizungumzia treni.

Jumamosi moja mchana fundi alikwenda sokoni kutafuta vifungo, miguu ikampeleka mpaka nyuma ya soko la mbao, ng'ambo ya karakana ya Nyundo. Mlango wa mabati ulikuwa wazi. Kofia alikuwa ndani, ameketi kwenye ile stuli, upande wa kushoto, na Nyundo anapiga randa. Hawakuwa wanapiga muziki. Hawakuwa wanazungumza hata. Katikati yao kulikuwa na gitaa lililoegemezwa kwenye kabati, halijaguswa. Kisha Nyundo, bila kuinua macho, akagonga ubao mara moja kwa kisigino cha mkono, na Kofia akainua kichwa.

Fundi angeweza kuvuka barabara. Ilikuwa hatua kumi. Alisimama mpaka mtu mwenye mkokoteni akamwomba apishe, akageuka, akarudi nyumbani na vifungo ambavyo baadaye aliona si rangi aliyoitaka. Nyumba ilikuwa kimya. Majalada mawili yalikuwa bado yameegemea kioo. Akayaondoa, akayatia kwenye bati na yale matatu ya bendi, yakae pamoja.

Kwenye daftari la vipimo, chini ya ule mstari alioupiga katikati ya ukurasa, aliandika haya. Mama mwenye mtoto mwenye kipaji akipita kupimwa nguo, humsomea.

Usitie mafuta sikio linalotoa usaha. Mpeleke.

Usikunje karatasi ya mwalimu.

Usimfundishe mtoto kuficha ugonjwa. Atajifunza, na wewe ndiye utakayefichwa.

Usiwaite wenzake wapambe.

Usimwandikie mtu mzima barua yake.

Akisema "hujui", usijibu "najua".

Usijisifie kwamba mtoto anaandika sana. Uliza kwa nini hapigi simu.

Usisimame nje ya mlango wake kumsikiliza. Bisha. Asipofungua, waulize majirani wanabishaje.

Usisifu kazi ambayo hujaisikiliza.

Usivuke barabara kila unapotaka.